Tumbo Kujaa na Mawazo Mengi

Leo tuzungumze juu ya tumbo. Siyo tumbo la kuhara, hilo tunalisikia kila masika. Ni tumbo linalojaa kama ngoma. Linaunguruma, linabana mkanda, nawe umekula kidogo tu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya uganga wa zahanati, alikuja mzee mmoja mkulima. Nikamwamkia, akaketi, akasema tumbo lake linajaa kila jioni. Nikampa dawa ya minyoo, bila kupima choo chake. Baada ya majuma matatu akarudi. Nikampa ile ile tena. Mara ya tatu alikuja amekonda. Alikuwa ameuza mbuzi wawili kulipia dawa za kuzungushwa mitaani, na tumbo liko pale pale. Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo ningemwuliza siku ya kwanza: "Mzee, shida hii ilianza lini?"

Akafikiri. Akasema, "Mwanangu, ilianza siku zile maksai wangu walipoibiwa."

Maksai wawili waliibiwa mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Majirani walikuwa wanalima, yeye anatazama. Usiku hakulala. Mchana hakula. Jioni alikula sahani kubwa ya ugali kwa haraka, bila kusema na mtu, kisha akajilaza.

Sasa tuone maksai walioibiwa wanaingiaje tumboni.

Tumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu. Habari hupita humo kwenda na kurudi, usiku na mchana. Ukikutana na nyoka njiani, ubongo hutoa amri mara moja. Moyo hupiga mbio. Damu nyingi hupelekwa miguuni ili ukimbie. Mfuko wa chakula huambiwa usimame kwanza, maana huu si wakati wa kusaga ugali. Utumbo mpana nao huweza kuharakishwa. Ndiyo maana mwanafunzi hukimbilia chooni asubuhi ya mtihani, na mtu aliyeitwa barazani husikia tumbo likimkata.

Nyoka akiondoka, mwili hutulia na kazi ya kusaga chakula huendelea. Lakini deni haliondoki kama nyoka. Mtoto mgonjwa, ugomvi wa shamba, maksai walioibiwa, hayo hulala nawe na kuamka nawe. Basi tumbo hupata amri ya hatari kila siku. Chakula hukawia katika mfuko wake, nawe unajiona umeshiba upesi. Mishipa ya fahamu ya utumbo nayo huwa myepesi kuumia. Hewa ile ile ambayo mwaka jana hukuisikia, mwaka huu unaisikia kama jiwe. Tena mtu mwenye wasiwasi humeza hewa nyingi bila kujua, hasa akila mbiombio.

Watu wengine husema haya ni maneno ya kubuni. Sikiliza kisa hiki. Mwaka 1822, huko Marekani, katika kisiwa cha Mackinac, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Akapona, lakini tundu la kuingia katika mfuko wa chakula halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwenye uzi, akavitumbukiza katika tundu lile, kisha akavivuta nje na kutazama. Aliona kwa macho yake kwamba kijana akikasirika, kazi ya kusaga chakula huharibika. Aliyaandika katika kitabu mwaka 1833. Kwa hiyo mzee yule hakuwa anajifanya. Tumbo lake lilikuwa limejaa kweli.

Hapa kuna jambo linalochanganywa sana. Mtu akiumwa tumbo, jirani humwambia, "Hivyo ni vidonda vya tumbo, umevipata kwa mawazo." Siyo hivyo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kinachoishi katika mfuko wa chakula. Kijidudu hicho ndicho huleta vidonda vingi. Vingine huletwa na dawa za maumivu, kama asprini na diklofenaki, zikimezwa mara kwa mara. Mawazo huweza kuzidisha maumivu, lakini kidonda kina dawa yake, nacho hupimwa. Usikae nacho miaka ukingoja mawazo yaishe.

Sasa, ufanye nini?

Anza na kula. Kula kidogo mara tatu ni bora kuliko sahani moja ya mlima usiku. Keti. Tafuna mpaka tonge lilainike. Kama una hasira, ngoja kidogo kabla ya kunawa. Akina mama wengi hula wamesimama, mkono mmoja jikoni na mtoto mgongoni. Najua kazi ni nyingi, lakini baba naye anaweza kumpokea mtoto kwa muda wa kula.

Usiache maharage, yanajenga mwili. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Sehemu ya sukari inayogeuka hewa utumboni huondoka na maji hayo. Kama maziwa mabichi yanakusumbua hata yakichemshwa, jaribu maziwa ya mgando. Soda ya chupa ina hewa ndani yake, basi kuinywa ili ucheue ni kuongeza kuni motoni. Magadi nayo hutoa hewa yakikutana na asidi ya tumbo, na mwenye shinikizo la damu asiyanywe kabisa, kwa sababu ya chumvi iliyomo.

Ukimaliza kula usijilaze. Tembea taratibu kama robo saa. Hewa itasogea, nayo ikitaka kutoka, itoe. Kujamba siyo ugonjwa. Sisi wa zahanati tunalitaja neno hilo kila siku bila aibu.

Kisha kuna kupumua. Mzee alinicheka nilipomweleza. Lala chali kabla ya kula au kabla ya kulala, weka mkono juu ya kitovu. Vuta hewa puani polepole huku ukihesabu mpaka 4, mkono uinuke. Itoe ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo kwa dakika 5. Pumzi ndefu ya kutoka huwapa mishipa ya fahamu habari kwamba nyoka ameondoka. Maksai hawatarudi kwa kupumua. Lakini tumbo litapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Na shida yenyewe iseme kwa mtu. Mzee yule hakuwa amemwambia hata mkewe kwamba anakosa usingizi. Alipomwambia, mama akaenda kwa shemeji yake, na shemeji akawaazima jozi ya ng'ombe kwa siku nne. Walilima nusu ya shamba. Tumbo halikupona siku ile, lilichukua zaidi ya mwezi, na hata sasa hujaa akisikia habari za wezi.

Lakini siyo kila tumbo lililojaa ni la mawazo. Kama tumbo ni gumu, unatapika, na hupati choo wala hewa haitoki, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku. Choo chenye damu au cheusi kama lami, homa, macho ya manjano, kukonda bila sababu, au tumbo linalovimba siku hadi siku, hayo yote yanataka kupimwa. Walio karibu na ziwa au mabwawa wakumbuke kichocho, maana nacho huvimbisha tumbo. Mwanamke ambaye tumbo lake limejaa kwa majuma mengi bila kupungua asiambiwe ni gesi tu.

Ukija zahanati, sema unakula nini na saa ngapi. Sema dawa zote ulizomeza, hata za miti shamba. Sema pia unavyolala, na jambo gani lilitokea nyumbani kabla tumbo halijaanza. Usingoje niulize. Naweza kusahau, kama nilivyosahau kwa mzee yule mara mbili.