Kiluwiluwi wa Mbu, Kiluwiluwi wa Chura: Malezi ya Vyura-miti Nyumbani na Haja ya Istilahi Bayana

Utangulizi

Kiswahili kina jina moja lililobebeshwa viumbe wawili. Neno kiluwiluwi hutumika kwa mtoto wa mbu, na hutumika vilevile kwa mtoto wa chura. Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hauna madhara makubwa. Lakini katika nyanda za juu za Kericho na Bomet, ambako milipuko ya malaria ilirekodiwa mara nyingi katika mashamba ya chai katika karne ya 20, utata huo una uzito wake. Mwanafunzi anayeagizwa kuangamiza viluwiluwi anaweza kumwaga maji yenye mbu na maji yenye vyura kwa mkono mmoja, naye akaamini kwamba ametii. Makala haya yanaeleza jinsi watoto wa vyura-miti wanavyolelewa nyumbani, na kuonyesha kwamba malezi hayo hayawezi kufafanuliwa barabara pasipo istilahi bayana. Mazingira ya Mulot yametumiwa kuwa mfano.

Mahali na mnyama mwenyewe

Mulot ni mji mdogo ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, karibu na mto Amala. Mto huu hutoka katika msitu wa Mau, hukutana na mto Nyangores, na kwa pamoja huunda mto Mara unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mvua zinapoanza, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe na vinamasi hujaa sauti za vyura. Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo humchukulia chura kuwa mpiga kelele tu, ilhali kelele hizo ni wito wa dume kwa jike, na ndizo mwanzo wa kizazi kipya.

Miongoni mwa waimbaji hao wamo vyura wadogo wa jenasi ya Hyperolius, ambao wengine huwaita vyura-matete. Hawa ni wakweaji. Ncha za vidole vyao zina visahani vinavyonata, hivyo huweza kupanda matete, majani, na hata ukuta wa kioo. Baadhi yao hutaga mayai ndani ya maji, yakiwa yamefungwa katika ute na kushikamana na mimea. Jamaa zao wa jenasi ya Chiromantis, wapatikanao pwani na katika maeneo makavu ya Kenya, hutaga ndani ya povu lililoning'inizwa juu ya maji. Mayai yakianguliwa, watoto hudondoka majini wenyewe.

Namna ya kulea

Chombo kifaacho ni beseni pana kuliko lenye kina, kwa kuwa upana huruhusu hewa nyingi zaidi kuingia majini. Maji ya mvua au ya kijito hufaa. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huachwa wazi kwa muda wa saa 24 kabla ya kutumiwa. Beseni huwekwa kivulini na kutiwa majani ya majini. Ni heri kulea wachache: lita moja ya maji kwa kila kiluwiluwi ni kadiri iliyo salama.

Katika hatua za kwanza watoto wa vyura-matete hula zaidi utando wa kijani uotao juu ya mawe na mimea. Mlezi anaweza kuwaongezea jani la spinachi lililochemshwa hadi likalainika. Chakula kilichosalia huondolewa kabla hakijaoza, na theluthi moja ya maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Maji machafu huua haraka kuliko njaa.

Baada ya majuma kadhaa miguu ya nyuma huchomoza, kisha ya mbele. Mabadiliko haya huongozwa na homoni za tezi ya thairoidi. Jambo hili lilianza kudhihirika mwaka 1912, wakati J. F. Gudernatsch alipowalisha viluwiluwi tezi hiyo wakageuka vyura kabla ya wakati wao. Mkia unapofyonzwa, kiluwiluwi huacha kula kwa muda, kwani kinywa na utumbo wake vinaundwa upya ili ale wadudu. Huu ndio wakati wa hatari. Mapafu yameanza kufanya kazi, na asipopata jiwe au kijiti cha kupandia huzama. Beseni sharti lifunikwe kwa chandarua, kwa sababu chura-mti mchanga hukwea na kutoroka.

Chandarua hicho kina faida ya pili: humzuia mbu kutaga. Beseni lililoachwa wazi huweza kutoa mbu katika muda wa wiki moja au mbili za joto. Mlezi hana budi kuwatambua wageni hao. Kiluwiluwi wa mbu ni mwembamba, hujinyonganyonga, na wengi wao huja juu ya maji kuvuta hewa. Kiluwiluwi wa chura ana kiwiliwili cha duara na mkia bapa.

Mipaka ya malezi

Malezi ya nyumbani yanafaa kuwa ya muda, na ya mayai machache. Ni vyema mlezi apate kwanza ushauri wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Vyura wakikomaa hurudishwa pale pale mayai yalipotolewa, kwa kuwa kuwahamisha huweza kueneza maradhi. Chura wa Kihansi nchini Tanzania ni funzo. Mwaka 2000 vyura 499 wa aina hiyo walipelekwa Marekani baada ya maji ya maporomoko yao kuelekezwa kwenye mradi wa umeme. Mwaka 2003 kuvu wa kitridi, anayeua vyura duniani kote, aligunduliwa huko bondeni. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa kulelewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi yao wakaanza kurudishwa Kihansi. Aidha, chura huyo huzaa watoto walio vyura kamili, hapitii hatua ya kiluwiluwi. Hivyo basi, si kila mtoto wa chura ni kiluwiluwi.

Suala la istilahi

Kiswahili hakikosi neno la kuondoa utata huu. Wapo wamwitao mtoto wa chura ndubwi. Iwapo ndubwi litatengewa chura, na kiluwiluwi libaki kwa mbu, agizo la kuangamiza viluwiluwi litakuwa wazi kwa kila asikiaye. Shule za Kenya hufundisha sayansi kwa Kiingereza, hivyo mtoto wa Mulot huweza kumjua ndubwi kwa jina la kigeni tu, ingawa humwona kila msimu wa mvua.

Hitimisho

Kulea ndubwi kunahitaji beseni, maji safi, jani la spinachi na subira. Kuueleza ulezi huo kunahitaji maneno yasiyochanganya rafiki na adui. La kwanza liko mikononi mwa mwenye bwawa. La pili ni jukumu la wanafunzi na walimu wa Kiswahili.