Timu ya Mbwa na Kimo cha Mdogo Wao

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona safu hii inajishughulisha na michezo ya mbwa. Wapo hasa wale waliolelewa, kama tulivyolelewa sisi, katika nyumba ambazo mbwa hakuvuka kizingiti, na chombo alichokilamba kilioshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hao tunawakumbusha tu kwamba Sura ya Al-Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefundishwa. Kwa hiyo kumfundisha mbwa ni elimu inayotambulika tangu zamani. Suala la mate tutalirejea, maana katika mchezo huu halikwepeki.

Mchezo tunaoukusudia ni flaiboli. Ulizuka California, nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, na mwaka 1984 timu chache za Michigan na za Ontario, nchini Kanada, ziliunda chama cha kuusimamia katika Amerika ya Kaskazini. Uingereza ulionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1990, na chama chao kikaundwa mwaka 1994. Hizi ni mbio za kupokezana. Timu mbili za mbwa wanne wanne hushindana katika njia mbili zilizo sambamba. Kila mbwa huruka viunzi vinne, hukanyaga sanduku lenye springi linalorusha mpira wa tenisi, huudaka, kisha hurudi nao juu ya viunzi vile vile hadi mstarini, ndipo mwenzake aweze kupita. Kutoka mstari hadi sanduku ni futi 51. Timu zilizo hodari kabisa humaliza kazi yote ya mbwa wanne chini ya sekunde 15.

Lakini si kasi hiyo iliyotuvutia. Lililotuvutia ni kanuni moja, nayo ni kwamba kimo cha viunzi hupimwa kwa mbwa aliye mdogo kuliko wote katika timu. Kwa kanuni za Amerika ya Kaskazini kiunzi hakiwi chini ya inchi 7 wala hakizidi inchi 14. Timu yenye majitu manne itaruka juu. Timu yenye kijibwa kimoja chenye miguu mifupi itaruka chini, na wale wakubwa wote watafaidi kwa sababu yake. Ndiyo maana timu zenye busara humtafuta kwanza mbwa mdogo. Wala haulizwi nasaba: mbwa koko hukimbia pamoja na mbwa wa ukoo uliosajiliwa, na mara nyingi humshinda.

Wenye nia ya kuanzisha timu ndogo mahali wanapoishi hawahitaji mengi. Mbwa sita wanaweza kuandikishwa katika timu moja na wanne wakakimbia, hivyo kaya tano au sita zinatosha. Uwanja uwe wa nyasi, usiteleze, tena uwe na uzio, maana mbwa asiyejua mchezo bado hufuata mpira wa jirani. Viunzi seremala yeyote aweza kuvichonga kwa mbao nyembamba. Taa na mitambo ya kupimia muda ingoje. Saa ya mkononi inatosha kwa mwaka wa kwanza. Pawepo mtu wa kupakia mipira sandukuni, kazi isiyo na sifa ambayo kila mtu huikimbia, na kwa maoni yetu ishikwe kwa zamu, kiongozi wa timu akitangulia.

Katika mafunzo tunasisitiza jambo moja. Wageni wengi humpeleka mbwa moja kwa moja kwenye sanduku, akaligonga kwa miguu ya mbele na kusimama ghafla. Mbwa wa namna hiyo ataumia vifundo na mabega. Afundishwe kwanza kurudi kwa mwenyewe akiruka kiunzi kimoja, kisha viwili, hadi vinne. Kando ya hayo afundishwe kugeuka ubavu juu ya ubao ulioinamishwa, akiukanyaga kwa miguu yote minne kama mwogeleaji anayejisukuma ukutani. Kazi hiyo huchukua miezi mingi. Mbwa ambaye mifupa yake haijakomaa asirushwe kabisa.

Ugomvi utakuja, nao kwa kawaida huja baada ya ushindi wa kwanza. Mwenye mbwa mwepesi ataanza kuona kwamba wa jirani yake anamchelewesha, na atataka aondolewe. Hapo timu nyingi ndogo huvunjika. Tunashauri makubaliano yaandikwe mapema, kabla hakujawa na kombe la kugombania: kila aliyehudhuria mazoezi mbwa wake atakimbia.

Kwa wasomaji wetu wa hapa nchini, ambako kichaa cha mbwa kingali kinaua watu, hakuna mazoezi kabla ya chanjo. Wataalamu wanasema kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali hukata maambukizi, na timu yaweza kuwa mwanzo mzuri wa kuwahimiza majirani. Cheti cha kila mbwa kikaguliwe mlangoni. Na kuhusu mate: mpira hurudi umelowa, nao hushikwa kwa mikono mchana kutwa. Ndoo ya maji na sabuni ziwekwe kando ya uwanja, na anayetaka kuongeza udongo asizuiwe.