Kwa bibi kwa meli: kabla ya kulipa nauli, ulizia jina la mtoto

Shule zikifungwa, mjadala nyumbani huwa uleule: watoto waende kwa bibi, nani awapeleke, na wapite wapi. Kwa familia ya Ngana yenye ndugu Liuli au Mbamba Bay, upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, njia ni mbili. Ya barabara inapanda Tukuyu hadi Mbeya, inakwenda Makambako, Njombe na Songea, kisha inapita Mbinga na kushuka ziwani. Ya maji inaanzia hapahapa Kyela na kuishia karibu na mlango wa bibi.

Ya maji inaonekana nafuu. Mara nyingi ni nafuu kweli, mradi mzazi apige hesabu ya safari nzima badala ya tiketi peke yake, na mradi kila anayepanda, hata anayenyonya, awe ameandikwa.

Nafasi ni 200 tu

Meli ya abiria inayojulikana zaidi upande huu ni MV Mbeya II, iliyojengwa Itungi na kampuni ya Songoro Marine kwa ajili ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), na kuanza kazi mwaka 2021. Uwezo wake ni abiria 200 na mizigo tani 200. Abiria 200 ni watu wa mabasi matatu na kidogo. Ukiwaza wanafunzi wanaorudi, wafanyabiashara wa mchele, watu wa misiba na familia za likizo, utaona kwa nini Desemba si mwezi wa kwenda bandarini na kutegemea bahati.

Hatua ya kwanza haina gharama zaidi ya vocha. Piga simu bandarini au tuma mtu akaulize mambo matatu: meli inatembea wiki hiyo, inaondoka siku gani, na inaondokea wapi. Swali la tatu watu wengi hulisahau. Wilaya ya Kyela ina bandari ya Itungi na bandari ya Kiwira. Itungi imesumbuliwa na mchanga kwa miaka mingi, na meli zimekuwa zikitumia Kiwira. Mgeni anayejua Itungi ya zamani anaweza kulipa bodaboda mara mbili kwa asubuhi moja, watoto wakiwa mgongoni na mabegi kichwani.

Rudia kuuliza siku moja kabla ya kuondoka nyumbani. Meli huenda matengenezo, na ziwa huchafuka. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo wa kusini ambao wavuvi wengi wa ziwa hili wanauita mwera, na unapokaza, ratiba ya ukutani haina maana tena. Likizo ya Juni inaangukia humohumo.

Lipa panapostahili

TPA ni taasisi ya serikali, na malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa simu au benki, kisha unapata risiti. Atakayekuambia umtumie hela kwenye namba yake binafsi ili "akushikie nafasi" usimtumie, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Hela ikipotea kwa njia hiyo huna risiti, na huna wa kumdai.

Kabla ya kulipa, uliza nauli ya mtoto inaanzia umri gani na inaishia wapi, kisha beba uthibitisho: nakala ya cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki kwa wadogo. Tofauti ya nauli ya mtu mzima na ya mtoto, ukiizidisha kwa watoto watatu, kwenda na kurudi, inaweza kuwa hela ya chakula cha siku mbili. Uliza pia tiketi isiyotumika inarudishwaje, na meli ikiahirishwa tiketi inahamishiwa safari ijayo au unarudishiwa hela. Jibu la swali hilo uwe nalo mapema, maana siku meli ikiahirishwa dirishani patakuwa na watu mia wanaouliza kwa wakati mmoja.

Jina la kila mmoja

Mtoto wa kubebwa anaweza asilipiwe nauli. Hilo ni jambo zuri kwa mfuko, na ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu asiyelipa ni rahisi kusahauliwa kwenye orodha.

MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, orodha iliyokuwapo ilikuwa ya watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, la bei nafuu, halikuwa na orodha. Mpaka leo idadi kamili ya waliokuwamo inabaki kuwa makadirio. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara siku ya gulio. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228. Aliyekuwa akikata tiketi alikufa pia, na mashine iliyokuwa na kumbukumbu za abiria ikapotea majini.

Habari hiyo ya mashine ingepaswa kubadili tabia ya kila mzazi anayepanda chombo cha majini. Tiketi yako ikiwa mfukoni mwako na kumbukumbu ikiwa ndani ya chombo hichohicho, nchi kavu hakuna anayejua uliondoka na nani. Kwa hiyo hakikisha jina la kila mtu limeandikwa, la mtoto mchanga pia, na liwe jina lake halisi. "Mama Neema na watoto" si jina. Kisha piga picha tiketi zote na umtumie ndugu aliyebaki Ngana na yule anayewapokea, pamoja na majina na umri wa watoto. Ni bando la shilingi chache.

Kwa sababu hiyohiyo, usikubali kuingizwa kwenye meli ya mizigo kwa sababu "kuna nafasi na ni bei rahisi". MV Njombe na MV Ruvuma zilijengwa kwa mizigo, tani 1,000 kila moja. Abiria wa kuingizwa kwa mlango wa nyuma hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Boti za mbao zinazotembea kati ya Matema na vijiji vilivyo chini ya milima ya Livingstone, kama Lumbila na Kilondo, ni suala gumu zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi watu wa huko hawakuwa na njia nyingine. Hapo mzazi aangalie kama chombo kina leseni ya TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ahesabu watu kabla ya kuingia, na aulize jaketi okozi za watoto. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne humtoka kichwani akigusa maji. Nahodha akisema "za watoto hatuna, lakini hakuna shida", shida ipo. Subiri chombo kingine.

Hesabu ya kweli

Chukua familia ya wazazi wawili na watoto watatu kutoka Ngana. Kuna usafiri hadi Kyela mjini, kisha Noah au bajaji hadi bandarini. Kuna nauli ya meli. Kuna chakula cha njiani, ambacho kwa watoto watatu si kidogo. Kuna ada ya mzigo. Kuna usafiri wa upande wa pili, pengine usiku. Kuna zawadi ya bibi, maana hakuna anayekwenda mikono mitupu. Halafu kuna siku moja ya ziada ambayo haimo kwenye mipango ya mtu: meli imechelewa, mnalala gesti.

Siku hiyo ya ziada ndiyo inayovuruga bajeti nyingi. Iweke pembeni kama nauli ya abiria wa sita: kitanda, milo mitatu, maji ya kunywa. Isipotumika, mtoto atanunuliwa daftari Januari.

Hata abiria wa meli kubwa za kitalii, kama Norwegian Dawn iliyotia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024, huambiwa jambo hilohilo: fika mji wa bandari siku moja kabla, kwa sababu meli haimsubiri mtu. Wao pia hugundua kwamba bei ya chumba ni mwanzo tu. Vinywaji, bakshishi na matembezi ya nchi kavu hulipiwa mbali. Tajiri wa Miami na mkulima wa kakao wa Kyela wanakosea hesabu mahali palepale.

Hela yenyewe igawanye. Sehemu ibaki kwenye simu, sehemu iwe noti ndogo za elfu moja na elfu mbili, na wazazi wabebe kila mmoja fungu lake. Chini ya milima ya Livingstone mtandao hukatika, na wakala wa kijiji kidogo anaweza kuwa hana floti siku unayomhitaji. Tena, ziwa hili tunagawana na Malawi na Msumbiji. Kama ilivyo kwa wakazi wa Kasumulu, simu inaweza kushika mtandao wa Malawi bila wewe kujua na kukukata kwa bei ya nje. Kabla ya kupanda, zima huduma ya mitandao ya nje kwenye simu, au chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

Tumbo la mtoto nalo ni bajeti

Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Kutapika kunakausha maji mwilini, na mtoto aliyekaukiwa ni zahanati na gharama ambayo hukuipangia. Mpe chakula chepesi saa mbili kabla, si chipsi mayai dakika ya mwisho. Kaeni katikati ya meli na sehemu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo, na mwelekeze atazame mbali, milimani, badala ya simu. Kitabu na katuni vinaongeza kichefuchefu. Beba ORS, maji safi ya kutosha na mifuko ya kutapikia.

Dawa za kichefuchefu zipo dukani na si za bei kubwa, ila zinunuliwe kwa mfamasia anayejua umri na uzito wa mtoto, na zinywewe kabla ya safari. Mtoto akishaanza kutapika, hazisaidii sana. Promethazine, ambayo watu hupeana kama peremende, haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kuathiri upumuaji wake.

Beba kadi ya bima ya afya ya kila mtoto, si picha ya kadi tu. Ipo hospitali Matema upande huu na ipo Liuli upande wa kusini, lakini katikati yake kuna safu ndefu ya milima inayoingia ziwani, na meli haiwezi kugeuza kwa ajili ya homa. Mtoto aliyeamka na joto siku ya safari apimwe malaria kabla ya kupanda. Mama mwenye mimba ya miezi ya mwisho aongee kwanza na kliniki. Na mnapopoteza muda mkisubiri meli, watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Ziwa Nyasa lina kichocho.

Gunia la kwenda, ndoo ya kurudi

Mchele wa Kyela ni karibu lazima. Unaweza kumwambia bibi kwamba kumtumia hela ni nafuu kuliko kusafirisha gunia, na kwa hesabu utakuwa sahihi, lakini bibi wa Mbamba Bay hataki hela, anataka mchele wa Kyela. Basi upimwe mapema, ulipiwe kama mzigo, na risiti yake iwe tofauti na tiketi. Andika jina na namba ya simu kwa maka peni pande mbili za gunia. Vyungu vya Wakisi kutoka soko la Lyulilo, Matema, vifungwe kwa nyasi kavu na vikae na mwenyewe. Chungu kilichovunjika ndani ya shehena hakuna anayekilipa.

Safari ya kurudi ipangiwe hela yake kabla hamjaondoka, na isiguswe. Ikiwezekana ulizia nafasi ya kurudi siku mnayoshuka, maana wiki ya kufungua shule kila mtu anarudi. Mkikosa meli, barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, na basi la kuzungukia Songea litawafikisha Mbeya, kwa nauli inayozidi mliyoitegemea. Piga hesabu ya njia hiyo pia, iandike kwenye karatasi ileile. Na bibi akiwajazia ndoo ya dagaa wakavu, mwambieni aifunge vizuri, kwani nayo itapimwa.