Je, Wajua? Chuma Kisichoshika Kutu Nacho Hushika Kutu

Tangi la maji la chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromi. Chuma chenyewe huwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, na utando ukikwaruzwa hujijenga upya mradi oksijeni iufikie. Adui wake mkubwa ni kloridi, ambayo hujaa katika maji ya chumvi ya visima vingi vya pwani. Kloridi hutoboa vishimo vidogo vinavyopenya hadi nje huku sehemu nyingine yote ikiendelea kung'aa.

Mahali dhaifu zaidi ni kandokando ya mshono wa kuchomelea. Joto la nyuzi 425 hadi 815 za Selsiasi huifanya kaboni iinyang'anye chuma kromi yake. Ndiyo maana daraja la chuma hiki liitwalo 304L lina kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Weusi na ubuluu unaoachwa na moto nao hupunguza kinga, hivyo lazima uondolewe.

Madoa ya kahawia yaliyotapakaa mara nyingi ni vumbi la chuma cha kawaida kutoka kwenye brashi ya waya, na husafishika. Doa moja lenye mchirizi mweupe wa chumvi ni dalili ya uvujaji. Ili kuthibitisha, tangi hukaushwa, mshono hupakwa rangi nyekundu ya kupenya, hufutwa, kisha hunyunyiziwa unga mweupe: ufa hujichora kwa wekundu. Kuziba kwa gundi hakutoshi. Mshono mbovu husagwa na kuchomelewa upya.