Pima maji ya Septemba kabla ya kuchimba bwawa la samaki

MKULIMA wa Maswa anayetaka kufuga samaki kwa kawaida huanza na swali moja: bwawa langu litabeba vifaranga wangapi? Ni swali zuri kwa mtu aliye kando ya mto usiokauka. Lakini Maswa, ambako mvua huanza Novemba na kukatika Mei, swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: ifikapo Septemba, bwawa hilo litakuwa limebaki na maji kiasi gani?

Swali hilo ni la fedha. Mnunuzi wa Maswa mjini amezoea sato na sangara wa Ziwa Victoria. Ukimpelekea samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, atakuuliza kama ni mboga au ni chambo. Samaki aliyedumaa huwa amekula pumba kama wenzake, na sokoni hatarudisha gharama ya hizo pumba. Wengi hudumaa kwa sababu maji hayakuwatosha.

Wachukue wakulima wawili, kila mmoja ana maji lita 150,000. Wa kwanza amechimba bwawa pana, mita 15 kwa 20, lenye kina cha nusu mita, maana kuchimba chini ni kazi na jembe lina mipaka yake. Wa pili amechimba mita 10 kwa 10, lakini amekwenda chini mita moja na nusu. Jua na upepo wa kiangazi vikichukua milimita 6 za maji kwa siku, wa kwanza atapoteza lita 1,800 kila siku, na wa pili lita 600. Baada ya siku 83 bwawa la kwanza litakuwa tope. La pili, hata baada ya miezi mitano bila mvua, bado litakuwa na sentimita 60.

Anayetegemea kujazia maji ya bomba afanye hesabu hiyo kwa uniti za dira. Uniti moja ni lita 1,000. Bwawa la wa pili litadai uniti 18 kwa mwezi na la wa kwanza 54, mara bei ya uniti iliyo kwenye ankara yake. Hapo hayajahesabiwa maji yanayozama ardhini.

Kuhusu kuzama, udongo mweusi wa mbuga ambao wakulima wa pamba huulalamikia kwa kunasa matairi ni rafiki wa mfuga samaki, kwa kuwa hushika maji. Udongo wa kichanga wa miinukoni haufai bila kutandikwa turubai la plastiki. Kipimo chake hakina gharama: chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji jioni yazame, asubuhi lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikaa hadi kesho yake bila kupungua sana, mahali hapo panafaa. Tatizo la mbuga ni kwamba ikikauka hupasuka, na nyufa zikifika chini bwawa huvuja msimu unaofuata. Sakafu iliyopasuka ikandwe upya kwa maji na miguu ya ng'ombe kabla ya kujazwa.

Sasa ndipo lije swali la vifaranga. Bwawa la udongo linalorutubishwa kwa samadi na kuongezewa pumba linabeba sato 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba. Kipimo ni upana wa uso wa maji, kwa kuwa hewa na mwanga huingilia huko. Bwawa la mita 10 kwa 10 basi ni la samaki 200 hadi 300. Atakayeweka 600 ili avune mara mbili atavuna uzito uleule, au pungufu, katika miili midogo.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni kuzaana. Sato jike huanza kuatamia mayai mdomoni akiwa na miezi michache tu, kabla hajafikia uzito wa kuuzwa, na akiatamia hali. Bwawa lililohesabiwa samaki 300 hujikuta lina maelfu. Ndiyo maana inashauriwa kununua vifaranga madume watupu, au kuingiza kambale wachache wale watoto wa sato, sato wenyewe wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa kuliko mdomo wa kambale.

Kuna njia ya kuikwepa Septemba kabisa. Bwawa likijazwa na mvua za mwanzo na vifaranga wakaingia Desemba, sato aliyelishwa vizuri anaweza kufikia robo kilo au zaidi ndani ya miezi sita hadi minane, yaani Juni hadi Agosti. Huvunwa maji yakiwa bado ya kutosha. Asiyeweza kuwapata vifaranga hadi Machi apunguze idadi, kwa kuwa samaki wake watakuwa wakubwa na wenye kuhitaji hewa nyingi wakati uleule maji yanapokuwa machache. Dalili huonekana alfajiri: samaki huja juu wakihema midomo wazi. Siku hiyo samadi na chakula visimame, maji mapya yaingie.

Na wale wa matangi? Tangi la plastiki la lita 5,000 huonekana kubwa likiwa limesimama uani, lakini uso wake wa maji ni kama mita za mraba 2 na nusu tu. Bila pampu ya hewa ni busara kutozidisha sato 10. Hiyo ni mboga ya nyumbani, si biashara.

Hesabu hiyo inamhusu pia mwenye hoteli au saluni anayetaka samaki wa dhahabu wa kupamba mapokezi. Huuzwa akiwa mdogo kama kidole, watu wakamweka kwenye bakuli la kioo wakiamini atakua kwa kadiri ya chombo. Kwa kweli akitunzwa hupita sentimita 20 na kuishi miaka zaidi ya 10. Bakulini hudumaa na kufa kwa uchafu wake mwenyewe. Samaki wawili wapewe tangi la lita 100 lenye chujio, na maji ya bomba yakae wazi siku nzima ili klorini itoke kabla ya kumiminwa.

Mwenye maji kidogo ana nafasi moja ambayo haizungumzwi sana. Wavuvi wa ndoano wa Ziwa Victoria wametumia vifaranga vya kambale kama chambo cha sangara kwa miaka mingi, na ziwa hilo mkoani Simiyu linafika Busega. Kambale huweza kuvuta hewa ya juu, hivyo huvumilia msongamano ambao ungemuua sato, na chambo huuzwa kingali kidogo. Hapo tangi dogo lina kazi. Ugumu uko kwenye kuwatotolesha, kazi inayohitaji mafunzo. Mahali pa kuanzia kuulizia ni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri au chuo cha uvuvi cha Nyegezi, Mwanza.

Popote litakapochimbwa, bwawa lisikae chini ya shamba la pamba. Mvua moja ikishuka baada ya kupuliza dawa inatosha kuua samaki wote kwa usiku mmoja. Kama hakuna mahali pengine, mfereji wa kukinga maji upite upande wa juu, na bomba la kupulizia lisioshwe hapo hata kwa dakika moja.