Cibitoke na Chang'ombe: Majina Mawili, Sarufi Moja

Katika toleo hili tumeonelea tulitazame jina la Cibitoke, mtaa ulioko kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Jina hili hukosewa mara mbili: katika matamshi na katika uchanganuzi.

Tuanze na matamshi. Aliyezoea Kifaransa akiona "ci" husoma "si", akapata Sibitoke. Katika maandishi ya Kirundi, herufi c ni sauti ile tunayoiandika ch: "icayi" ni chai. Kwa hiyo tutamke Chibitoke.

Tukija kwenye maana, wapo wanaodhani ci- ni kiambishi cha ngeli, kama ki- katika kitabu. Kama ni hivyo, bi- inayofuata ni ya nini? Hiyo bi- ndiyo kiambishi cha ngeli, sawa na vi- yetu: "ibintu" ni vitu, na "ibitoke" ni ndizi (umoja "igitoke"). Mzizi huohuo tunausikia Uganda katika matoke.

Je, c ya mwanzo? Hiyo ni a-unganifu "ca", yaani cha, iliyopoteza a yake mbele ya irabu. Mrundi husema "igitabo c'umwana"; sisi husema kitabu cha mwana. Vivyo hivyo, ca + ibitoke huwa "c'ibitoke", na katika jina la mahali ritifaa imeachwa. Cibitoke, basi, ni "cha ndizi".

Nomino yenyewe haitajwi, lakini "ca" yatuonyesha kuwa ni ya ngeli ya KI-. Muundo huu si mgeni kwetu. Jijini Dar es Salaam kuna Chang'ombe, yaani cha ng'ombe, ambako nomino imedondoshwa vilevile.

Walimu wenzetu, mwanafunzi wa Burundi akiandika "cakula", mara nyingi huambiwa kuwa Kirundi kinamharibia Kiswahili. Sivyo. Sauti anayo, na upatanisho wa cha anaujua tangu utotoni. Kilichobaki ni kumwonyesha herufi h. Mwalimu anayeanzia hapo huokoa muda, na mwanafunzi haionei haya lugha ya kwao.

Kwa zoezi, wapeni wanafunzi majina mawili: Urundi, lililotumika enzi za ukoloni, na Burundi, la tangu uhuru mwaka 1962. Waeleze u- na bu- zinahusianaje, kisha watafute mifano mingine miwili kutoka Uganda.