Mwani wa Zanzibar: kutoka maabara hadi ufukweni

Kilimo cha mwani Zanzibar kilianzia kwenye utafiti. Katika miaka ya 1970 na 1980, Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchunguza mwani wa pwani ya Tanzania na kutetea wazo la kuulima, badala ya kutegemea ule unaookotwa ufukweni. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 mashariki mwa Unguja, Paje na Jambiani vikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino.

Kampuni za ununuzi ziligawa kamba na mbegu, nazo zikawa soko la mavuno. Wanakijiji, wengi wao wanawake, walikuja na nguvu zao na elimu ya bahari waliyorithi. Wakati wa bamvua, maji yakishatoka, mkulima hushuka shambani, akafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Mwani mkavu husafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa karajinani, kitu kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito.

Thamani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika ushirikiano wake na wakulima ilidhihirika mambo yalipoharibika. Aina ya kotonii, ambayo bei yake ni karibu mara mbili ya spinosamu, aina nyingine inayolimwa, ilianza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakulima ndio walioona kwanza matawi yakipauka, yakilainika na kukatika. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho, iliyopo Zanzibar, walipima maji na kuhusisha vifo hivyo na ongezeko la joto kwenye kina kifupi. Bila macho ya wakulima, vipimo hivyo vingechelewa. Bila vipimo, wakulima wangebaki wakibahatisha.

Njia iliyojaribiwa ni kuihamishia kotonii kwenye kina kirefu zaidi, ndani ya nyavu za mirija zinazouzuia mwani usichukuliwe na mawimbi. Kitaalamu inawezekana. Lakini shamba la namna hiyo hulifikii kwa miguu: linataka chombo na kujua kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakuwa nayo. Hapo mafunzo ya uogeleaji yana uzito sawa na biolojia.

Mwaka 2006 mtafiti wa taasisi hiyo, Dk. Flower Msuya, aliongoza kuanzishwa kwa kongano la mwani Zanzibar, linalowakutanisha wakulima, wasindikaji, watafiti na serikali. Wanawake walijifunza kuusaga mwani kuwa unga na kuutia kwenye sabuni na mafuta ya kujipaka. Kipande kimoja cha sabuni huweza kuuzwa kwa bei inayopita ya kilo nzima ya spinosamu mkavu, na hilo ni badiliko kubwa kwa mtu aliyezoea kupokea bei asiyoipanga.

Hata hivyo, sabuni hununuliwa zaidi na watalii, hivyo soko lake ni dogo na hupanda na kushuka pamoja na msimu wa wageni. Sehemu kubwa ya mavuno ingali inapakiwa melini ikiwa mwani mkavu, kwa bei inayofuata soko la ng'ambo.